Shangazi na damu yake

Ukitaka kumuudhi shangazi yangu wa Mtoni Mtongani, mwambie akapime damu. Atakuuliza, "Damu yangu inakwenda wapi?" Vijana wa zahanati humcheka, eti mshamba. Mimi hilo linaniuma.

Shangazi amekua akisikia habari za mumiani, watu waliosemwa kukamata wenzao usiku na kuwanyonya damu. Enzi za Mwingereza hata wazimamoto waliogopwa kwa sababu hiyo. Ni uvumi, sawa, lakini haukuzuka hivi hivi. Hospitali ya Ocean Road, hapa Dar es Salaam, ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika walipelekwa hospitali nyingine, ya Sewa Haji. Kati ya 1906 na 1907, visiwani Sese kwenye Ziwa Victoria, daktari Mjerumani Robert Koch aliwachoma wagonjwa wa malale sindano za Atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki, na baadhi wakapofuka. Na kule Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifichwa ukweli wakaachwa bila tiba ili wachunguzwe tu, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Nani basi wa kumcheka shangazi?

Juzi nesi mmoja alimwanza kwa shikamoo. Akaandika jina kwenye kichupa mbele yake, akamweleza damu inapimwa nini, halafu akampeleka hadi mlango wa maabara akaone inakoishia. Shangazi akakunja mkono wa gauni mwenyewe. Sukari iko juu. Dawa anameza, ila kila kidonge anakiulizia kazi yake, na nesi anamjibu.