Kabla ya Robo ya Nne

Jumamosi, usiku

Sauti imenikauka. Nimetoka kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani Camp Randall, uwanja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin hapa Madison, Marekani, na ninachowaza si matokeo. Nawaza kule kuruka.

Wimbo ni "Jump Around" wa House of Pain, hip hop ya mwaka 1992. Hautaji chuo wala mpira. Ulianza kupigwa kwenye spika za uwanja tarehe 10 Oktoba 1998, siku ambayo Drew Brees, mrushaji pasi wa Chuo Kikuu cha Purdue, alirusha pasi 83 na timu yake bado ikafungwa na Wisconsin 31-24. Nadhani wakati wenyewe ndio ulioubeba. Robo ya tatu kati ya nne za mchezo ikiisha, wachezaji wanabadilisha upande, mchezo umelala, baridi imeshaingia vidoleni. Halafu zinalia zile tarumbeta za mwanzo. Kabla neno la kwanza halijatoka, jukwaa la wanafunzi limeshanyanyuka lote, na hata sisi tuliokaa mbali tunasikia zege likitetemeka chini ya viatu. Mama mmoja mbele yangu, mtu mzima, alimkabidhi mumewe kikombe cha kahawa ndipo akaanza kuruka.

Mwaka 2003, uwanja ukiwa kwenye ukarabati, wakuu wa chuo waliuzima wimbo kwa kuhofia usalama wa jengo. Wanafunzi wakaja juu. Wahandisi wakathibitisha kwamba jengo linahimili, ukarudi. Jambo hili hunigusa sana, kwa sababu wengi wa waliokuwa wakiudai walikuwa bado sekondari mwaka 1998. Chuoni watu hupita, miaka minne mtu ameshaondoka. Kumbe ndani ya miaka mitano tu wimbo ulikuwa umesharithiwa, na warithi wako tayari kuugombania.

Hata "On, Wisconsin!", wimbo rasmi ambao bendi huupiga, ulikaribia kwenda kwa wengine. William Purdy aliutunga mwaka 1909 kwa ajili ya shindano la Chuo Kikuu cha Minnesota, mahasimu wetu wakubwa, rafiki yake akamshawishi aulete huku. Leo nani anakumbuka? Watu wanauimba tu.

Mechi ijayo nitakwenda na mpwa wangu, ndiyo kwanza anaanza chuo. Nimemwambia avae soksi mbili, na asithubutu kuondoka kabla ya robo ya nne.