Nilivyochagua chuo cha kunifikisha kambini

Nimekulia Kasulu, mkoani Kigoma. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyokuwa na Wakongo tangu 1996, mjomba wangu alikuwa fundi bomba humo. Jioni moja alinipigia hesabu. Bomba likitoa lita 7.5 kwa dakika, nalo linahudumia watu 250, na kila mtu apate lita 15 kwa siku (hivyo ndivyo viwango vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura), basi lazima likae wazi zaidi ya saa nane mfululizo. "Sasa wakija watu mia tano, mpwa wangu?" Usiku ule usingizi ulinipaa. Kazi niliyoitaka nilikuwa nimeshaijua.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipekua mwongozo wa kozi wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nikitafuta uhandisi wa misaada ya kibinadamu. Sikuona kozi ya jina hilo. Mjomba akaniambia niachane na jina: kambini anatakiwa mtu wa maji, vyoo na taka.

Zikabaki njia tatu: uhandisi ujenzi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Maji pale Ubungo, na uhandisi mazingira Chuo Kikuu Ardhi. Nilishukia kwa shangazi Kimara, na kwa siku tatu nikavizungukia vyote, haviko mbali. Ofisini sikukaa sana. Niliwafuata wanafunzi, nikawauliza mara ya mwisho walishika nini kwa mikono yao.

Chuo cha Maji nusura kinichukue, maana maji ndiyo maisha yake. Lakini mimi nilitaka na vyoo, na taka. Ardhi, dada mmoja wa mwaka wa tatu alidondosha tembe ya kupimia klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, kwenye kichupa cha maji ya bomba, akakitikisa. Maji yakageuka rangi ya waridi. Akakiweka kando ya kadi ya rangi. "Nusu miligramu ya klorini kwa lita. Haya yananyweka." Nikasikia pia kwamba chuo kina kituo cha mafunzo ya kukabiliana na maafa. Kwangu uamuzi ulikuwa umekwisha.

Wazazi walisitasita kuhusu ajira, na mkopo ulichelewa, lakini tulivuka.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya mwaka wa pili nilirudi Kasulu. Kwenye bomba la kijiji, akina mama wamesimama na madumu yao, mjomba alishika kichupa, mimi nikadondosha tembe.