Nilivyoondoa rekodi pacha kati ya bohari na utumishi

Kambi moja hapa Marekani, bohari ilikuwa na mfumo wake wa rekodi, na ofisi ya utumishi nayo ilikuwa na wake. Askari akibadilisha jina baada ya ndoa, bohari inamfungulia kadi mpya, na buti zilezile zinahesabiwa mara mbili. Kulinganisha majina hakusaidii. Akina Smith wamejaa tele. Nikaifanya namba ya kitambulisho cha Wizara ya Ulinzi, tarakimu 10, kuwa ufunguo pekee wa kumtambua askari katika mifumo yote miwili. Jina na cheo bohari inavisoma tu kutoka utumishi, haiviandiki.

Kwa vifaa nilitumia namba ya NATO ya tarakimu 13: nne za kundi, mbili za nchi, saba za kifaa chenyewe. Kila saizi ya buti ina yake, kwa hiyo usiunganishe rekodi za saizi tofauti kwa sababu tu maelezo yanafanana. Kilichobaki kunisumbua ni daftari la pembeni la mtunza bohari.