Bwana Msa amehamia Dodoma

Ukiwauliza watu wa rika langu wakutajie mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, wengi watasema Willy Gamba, na sitawabishia. Elvis Musiba alimpa bastola na safari za hatari, na tangu Kufa na Kupona ya 1974 wengine wote wakawa kama wamekaa benchi. Bwana Msa, mpelelezi mwingine wa riwaya, mimi nilimjua kwa ajili ya mtihani tu. Mwandishi: Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, 1918. Kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Andika, pata maksi, songa mbele.

Sasa nimemsoma kweli. Nakala yangu nimeinunua kwa kijana anayetandaza vitabu vya mitumba chini, karibu na Jamatini hapa Dodoma, ilikuwa imebanwa kati ya kitabu cha uhasibu na Biblia isiyo na jalada. “Dada, hicho cha zamani, hakipatikani,” akasema, na bei ikapanda hapo hapo. Pini za katikati zimeshika kutu, kurasa zina rangi ya chai ya maziwa, na kuna msomaji wa zamani aliyepiga mstari kwa kalamu nyekundu kila Bwana Msa anapogusa kiko chake. Kurasa za mwanzo iliniudhi. Baadaye nikawa naisubiri ile mistari, maana mwenzangu alishang'amua kwamba kiko kikitajwa, kuna jambo linapikwa.

Hadithi hii ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Tajiri mwenye mashamba amekutwa amekufa kwenye mzimu, mahali pa kutambikia wakale, na mji mzima una jibu tayari: wakale wamekasirika. Bwana Msa anakuja na rafiki yake Najum, Inspekta Seif yupo upande wa polisi, na kazi inaanza kwa maneno. Ni maongezi tu! Watu wanakaa, wanaulizwa, wanajikanyaga. Kiko na rafiki wa kuandamana naye ni vya Sherlock Holmes, hilo halifichiki, lakini huyu bwana anajua kukaa barazani na watu kwa namna ambayo yule wa London asingeiweza.

Nikatafuta habari za mwandishi, na hapo ndipo nilipochekea peke yangu kwenye daladala ya Mtumba. Kabla ya kuingia kwenye magazeti mwaka 1948, Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya. Bwana afya! Mtu anayebisha hodi mchana kweupe, anataka kuona choo, anachungulia kisima, anauliza nyumba hii mnalala wangapi na huyu mtoto ni wa nani. Baadaye akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu 1968. Mimi najiamulia kwamba Bwana Msa alizaliwa kwenye zile hodi, si kwenye vitabu vya Waingereza. Polisi hufika nyumbani kwako baada ya maafa. Bwana afya hufika siku ya kawaida, wakati hujaficha kitu.

Maana siri za Abdulla ni za ndani ya nyumba. Nani kazaa na nani, ndoa gani ilifichwa, mtoto gani alikua bila kumjua baba yake, mali inakwenda kwa nani. Unaweza kuisoma riwaya yake na karatasi pembeni ukichora ukoo (mimi nilichora, nyuma ya fomu ya likizo). Fumbo la namna hiyo linataka mji ambao watu wanajuana hadi bibi wa nne. Nimejaribu kumleta Bwana Msa mtaani kwetu Ilazo, akakwama. Jirani wa kulia katoka Mbeya, wa kushoto Moshi, wa mbele alihamishwa na wizara kutoka Dar na hata mapazia hajaweka. Ukoo wa mwenzio unaujua kwa alichokwambia mwenyewe. Bwana Msa angevuta kiko hadi tumbaku iishe, maana hapa hakuna bibi wa kumuuliza. Kwa upande mwingine, muuaji mwenye jina la kubuni angefurahi sana kupanga hapa.

Sitaki kumpamba. Sadfa ni nyingi mno, na mwishoni Bwana Msa anaeleza, anaeleza, chai inapoa. Lakini Kiswahili chake kina utani unaokukuta umeshapita mstari, ndipo unarudi kucheka.

Mwenyeji pekee mtaani, mzee wa Kigogo anayetuuzia zabibu, alinikuta kibarazani na kitabu. Nikamwamkia, “Shikamoo babu,” akaitikia, akakichukua, akakigeuza. “Huyu tulimsoma kwa kupokezana,” akasema. “Alikuwa anaongea mno. Mimi nilimpenda yule wa Simu ya Kifo.” Hiyo ni riwaya ya Faraji Katalambulla, ya 1965, na babu alikaa akanisimulia nusu yake bila kuulizwa, upepo ukitutia vumbi machoni.

Sasa nakitaka Kisima cha Giningi, kitabu kingine cha Abdulla, cha 1968. Jamatini hakuna. Mwenzangu wa ofisini anakwenda kwao Unguja mwezi ujao, nimeshampa hela na jina la kitabu kwenye karatasi. Akirudi na Willy Gamba, tutagombana.