Ramani yetu ilipojifunza kuhesabu bamvua

Nilipewa kazi ya kutengeneza ramani ya simu kwa ajili ya kamati ya wadi hapa Lamu: bahari ikizidi kupanda, wapi patafurika na visima gani vitakolea chumvi. Miezi mitatu nilijifungia na kompyuta. Siku ya kuionyesha, ukumbi ulijaa maafisa watupu. Nilikuwa nimeitisha mkutano asubuhi, katikati ya msimu wa pepo za kaskazi, wavuvi wote wako baharini. Kosa langu.

Mara ya pili niliwafuata kijijini Shela baada ya alasiri, tukakaa barazani. Nahodha mmoja mzee aliitazama simu, akaniuliza, "Mwanangu, hii tarehe 20 Machi ni mwezi ngapi mwandamo?" Nikakosa jibu. Bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ana nusu ya utabiri mkononi, na mimi nilikuwa nimeificha. Usiku uleule nikaziweka tarehe za mwezi mbele. Kina cha maji nacho nikakitoa kwenye sentimita, nikakipima kwa vidato vya ngazi za gati. Bamvua la Machi au Septemba hufika kidato gani, hata watoto wanajua.

Kwenye visima nilifunzwa na kina mama. Nilikuwa nimeandika chumvi kwa miligramu kwa lita. Bibi mmoja akataka aletewe maji yenyewe, nikampangia chupa saba za visima saba. Akawa anamimina kidogo kwenye kata, anaonja, anatema pembeni. "Hiki cha kunywa. Hiki cha kuogea. Hiki hata punda wangu hakitaki." Nilipolinganisha na vipimo vyangu, hakukosea hata kimoja. Ramani sasa ina rangi tatu tu: kunywa, kuoga, punda hanywi.

Tulibishana pia. Wenye viwanja hawakupenda vilima vya mchanga vya Shela vitiwe alama ya kutojengwa. Hapo sikulegeza. Vilima hivyo ndivyo vinavyochuja mvua na kutuwekea maji matamu, nayo yamekaa juu ya maji ya chumvi. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Waliolieleza hilo vizuri kuliko mimi ni wachimba visima.

Mwezi uliopita kamati iliketi kuamua mahali pa kisima kipya karibu na ufuo. Mwenyekiti akatoa simu, akasoma kwa sauti, "Punda hanywi." Wakakubaliana pajengwe jabia, birika la kuwekea maji ya mvua. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na hakuna aliyegeuka kuniuliza ramani inasomwaje.