Nilivyopata simu ya kudumu kwa 350,000: nilianza kwa fundi, dukani nikaenda mwisho

Mi nauza vitenge na viatu vya watoto hapa Morogoro na karibu biashara yote inapita kwenye simu, picha napiga humo, wateja wananiona status, malipo yanaingia humo, mzigo wa Kariakoo naagiza humo humo. Simu ikilala siku mbili ni kama nimefunga duka. Kwahiyo mwaka jana simu ilipokufa na nina 350,000 tu ya kununua nyingine, nilikuwa natafuta kitu kimoja, simu ambayo ikiharibika itatengenezeka hapa hapa mjini, kwa hela ambayo naweza kuitoa siku hiyo hiyo. Nimeulizwa sana na kina dada wenzangu nilichagua vipi, naandika yote hapa.

Simu niliyokuwa nayo mwanzo aliniletea kaka yangu kutoka Muscat. Nzuri sana kuitazama, kioo kimejikunja pembeni, mgongo wa glasi, kamera kali. Ilidondoka jikoni, kioo kikaweka mistari ya kijani, kesho yake kikawa cheusi tii huku simu bado inaita. Nikazunguka nayo kwa mafundi wa mjini hakuna mwenye kioo chake, mmoja akapiga Kariakoo akaambiwa kipo ila ni 320,000, na alinieleza bila kunificha, "Dada, hata kikija sikuahidi, hizi za kujikunja kufungua ni shida, mgongo nao unaweza kupasuka wakati natoa." Yaani kioo peke yake kinakaribia kumaliza bajeti yangu yote ya simu mpya.

Nikamuuliza yule yule fundi, kaka, wewe hapa kila siku unafungua simu, zipi spea zake unazo kwenye droo sasa hivi? Akacheka, akasema watu huwa wanamuuliza simu gani kali, hajawahi kuulizwa hilo. Akavuta droo. Na pale kwenye droo ndipo nilipojifunza kuchagua simu kuliko video zote nilizokuwa nimeangalia.

Alinipa vitu vitatu vya kuuliza kwa kila simu: kioo bei gani, betri bei gani, sistimu chaji (sehemu yenye tundu la kuchajia) bei gani. Basi. Kwa maelezo yake simu nyingi zinazomfikia zinaletwa kwa moja ya hayo matatu, mengine yapo ila ni machache. Nikachukua karatasi nikaandika simu zote za kwenye bajeti yangu na za juu kidogo, nikaenda kwa mafundi wengine pia kulinganisha bei, maana fundi mmoja anaweza kukutajia bei ya kichwa chake.

Sasa kwenye kioo ndio kuna mambo. Kuna simu zenye kioo cha LCD na zenye AMOLED. LCD ina taa nyuma inayomulika kioo chote, AMOLED kila nukta inajiwakia yenyewe, ndio maana nyeusi yake ni nyeusi kweli na rangi zinapendeza. Ila ikija kwenye kutengeneza, LCD spea zake zimejaa na bei ni ya kawaida, AMOLED ya kweli ni ghali na mafundi wengi wanakuwekea kopi ambayo ni LCD, inakuwa nene kidogo, rangi imepauka, na kama simu yako ilikuwa na alama ya kidole chini ya kioo ndio basi tena haitasoma. Kwenye karatasi yangu tofauti ilikuwa hivi, kioo cha Samsung Galaxy A06 ambayo ni LCD nilitajiwa kati ya 55,000 na 70,000 pamoja na ufundi, kioo orijino cha Galaxy A16 ambayo ni AMOLED nikatajiwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa mtu mwenye mtoto wa miaka minne ndani ya nyumba hiyo tofauti sio ya kupuuza.

Sistimu chaji nayo nilikuwa sijui. Kuna simu ambazo tundu la chaji limechomelewa kwenye bodi kubwa yenyewe, likifa fundi anashika moto karibu na kila kitu cha thamani ndani ya simu, na kuna ambazo tundu lipo kwenye kibodi, yaani bodi ndogo ya peke yake chini pale, pamoja na maiki, kimeunganishwa na bodi kubwa kwa fleksi, ule waya bapa. Hiyo ya pili unafungua skrubu, unachomoa, unachomeka kingine, umemaliza. Galaxy A06 ni ya aina hiyo, na nyingi za Tecno, Infinix na itel pia. Uliza fundi akuonyeshe kibodi chenyewe, kama anacho kwenye droo utakiona, kama hana muulize kwanini.

Betri siku hizi karibu zote zimegandishwa na gundi, huchomoi kama zamani. Hapo angalia tu kama ipo na ni ya kampuni gani, maana betri za kopi za bei ya chini sana mi naziogopa, zinavimba na kusukuma kioo kutoka ndani.

Kuna kitu kimoja ambacho fundi hawezi kukusaidia kabisa baadae na ndio maana inabidi ukimalize siku ya kununua, nacho ni ukubwa wa memori ya ndani na RAM, ile memori simu inayotumia kuendesha programu. Vimechomelewa kwenye bodi. Memori kadi utaongeza ndio, lakini WhatsApp na programu nyingi zinakaa ndani, na simu ikijaa inakuwa nzito mpaka unadhani imeharibika. Mi nilikuwa radhi kukosa kamera nzuri zaidi nikapata GB 128 badala ya 64. Kwa mtu wa biashara ya picha 64 inajaa upesi sana, wateja wanakutumia video, magrupu yanakutumia video, kila kitu video.

Nikabaki na mbili, A06 na A16. Na niseme ukweli A16 ni simu bora. Ina IP54, maana yake imezibwa kidogo dhidi ya vumbi na matone ya maji, sio ya kuzamisha lakini mvua ya njiani inavumilia, na Samsung wameahidi kuipa apdeti kwa miaka 6, ambayo kwa simu ya bei hiyo ni kubwa. A06 haina hiyo IP na apdeti zake za usalama ni miaka 4 tangu itoke 2024. Apdeti watu wanazidharau, ila programu za benki ndizo za kwanza kukugomea simu ikiwa ya zamani, na mi hela zangu ziko humo. Kama ningekuwa na laki tano ningekaa nikafikiria sana. Lakini 350,000 ilinilazimisha, na ile bei ya kioo kwenye karatasi ikamalizia. Nikachagua A06 ya GB 128. Mgongo plastiki, kioo kimenyooka hakijajikunja, tundu la hedifoni lipo, memori kadi inaingia na laini mbili zote zinabaki, alama ya kidole ipo kwenye batani ya pembeni. Mgongo wa plastiki watu wanauona wa kimaskini, jamani, plastiki ikidondoka haipasuki! Glasi mbele inatosha, ya nyuma ya kazi gani.

Tecno na Infinix nilizifikiria pia na sizipondi hata kidogo. Hizo pamoja na itel ni za kampuni moja, Transsion, na kituo chao cha matengenezo ni Carlcare, spea zake unazipata mpaka wilayani. Kwa bei ile ile wanakupa RAM zaidi. Mi nilichoangalia ni ahadi ya apdeti tu, ndio nikahamia upande mwingine.

Na kuna simu zilizotengenezwa makusudi mtu azifungue mwenyewe, Fairphone ya Uholanzi unabadilisha betri kwa mkono, Nokia G22 ya 2023 ilitoka na utaratibu wa kuuza spea na maelekezo ya kuifungua nyumbani. Nilizipenda sana nilipozisoma. Ila uzuri wake uko pale spea inapokufikia, na mafundi wote niliowauliza Morogoro hakuna aliyewahi kushika hata kioo cha Fairphone. Kule Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 sheria inawabana watengenezaji waweke spea kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza simu. Natamani sana na sisi tungekuwa na kitu kama hicho, maana na sisi simu ikiharibika tunapeleka kwa fundi, na sisi ndio tunaoambiwa spea haipo.

Kununua nilienda Kariakoo mwenyewe, nilikuwa na mzigo wa kufuata pia. Treni ya SGR nauli 13,000, asubuhi upo Dar mapema kabisa. Mtaa wa Aggrey pale maduka ya simu yamejaa, bei zinapishana elfu kumi elfu ishirini kati ya duka na duka, usiingie la kwanza ukalipa. Dukani nilifanya hivi. Kwanza nikapiga *#06# zikatokea IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, nikalinganisha na za kwenye boksi, alafu nikatuma IMEI kwa meseji kwenda 15090, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakurudishia simu hiyo ni ya kampuni gani na modeli gani. Likija jina lingine rudisha. Wanaokumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu feki zilipozimwa nchi nzima wanajua kwanini nasisitiza. Pili, kwa Samsung, nikapiga *#0*#, inafungua ukurasa wa majaribio, unaona kioo chekundu, kijani, bluu, unapitisha kidole kote kuona tachi kama inashika mpaka pembeni, unajaribu spika na mtetemo. Muuzaji wa haki hakasiriki, wa kwangu alinivutia kabisa kiti, "kaa mama, jaribu taratibu." Tatu nikaweka laini zote mbili nikapiga na kupigiwa. Nne risiti ya EFD, na nikauliza waranti ni ya nani, ya duka au ya kampuni, maana ya duka inaisha na duka likihama.

Nililipa 330,000. Iliyobaki ikaenda kwenye kava nene lenye kona zilizoinuka, protekta, na kichwa cha chaji, maana kwenye boksi mlikuwa na waya tu. Kichwa cha chaji usinunue cha elfu tatu cha barabarani, umeme wetu unapanda na kushuka, na kichwa kibovu ndicho kinachoua sistimu chaji na betri kwa pamoja. Simu mpya bila kava usitoke nayo hata mlangoni.

Tangu hapo imeshaenda kwa fundi. Mtoto aliitoa juu ya friji, ikaangukia kona, kava likajitahidi ila kioo kikapasuka na tachi ikafa upande mmoja. Nilienda kwa yule yule fundi mchana, akavuta droo, kioo kipo, 65,000, nikaenda kununua mboga soko la Kingalu narudi nakuta anafunga skrubu za mwisho. Jioni nilikuwa naposti mzigo. Baadae waya ukaanza kulegea kwenye tundu, akabadilisha kile kibodi kwa 15,000 nikiwa nimekaa pale pale. Jumlisha yote bado ni robo tu ya bei ya kioo cha simu ile ya kwanza, na simu inafanya kazi mpaka leo.

Wengine mtaniuliza used za Dubai. Zipo nzuri, ila angalia modeli, kwa Samsung ikiishia na U ni ya Marekani, ikiishia na N ni ya Korea, na muulize fundi kama kioo na bodi yake vinaingiliana na za huku kabla hujalipa. Hakikisha pia imetolewa akaunti ya mwenye nayo wa mwanzo, iwashe upya mbele yako, ikidai imeli ya mtu usichukue. Na za lipa mdogo mdogo, soma kwanza, simu inafungwa ukichelewa, sasa kwa mtu ambaye hela ya kulipia inaingia kupitia simu hiyo hiyo hapo fikiria vizuri.

Wifi yangu yuko Mlimba, aliponiona na hii akataka nimchukulie na yeye kama yangu. Nikamwambia wifi, nenda kwanza kwa fundi wa hapo kwenu ukamuulize droo yake ina nini. Akanipigia jioni, droo ya kule ni Tecno na itel tupu, kioo cha Samsung mpaka kiagizwe Ifakara. Tukamchukulia Tecno.