Asubuhi Shimba, alasiri Diani

Mamangu ana miaka 61, yote ya Mombasa, na hakuwahi kukanyaga Shimba Hills, hifadhi ya msitu na wanyama kule Kwale. Hilo liliniuma. Nikapanga siku moja ya msitu na bahari, na kabla ya kutafuta gari nikautazama mwezi kwanza.

Nilitaka bamvua, zile siku maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Siku za mwezi mpevu, maji kwetu hupwa kama saa nne asubuhi, yakajaa kama saa kumi alasiri. Ukifika Diani asubuhi utakuta mwamba na mwani. Basi asubuhi tuwe msituni, tukishuka tuikute bahari imejaa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa kwenye feri ya Likoni, mahamri na mbaazi kwenye bakuli. Kombani tukakata kulia, tukapanda hadi Kwale. Nilikuwa nimeshalipa kiingilio kwa simu, maana getini hawapokei pesa taslimu.

Mle ndani kuna ubaridi ambao Mombasa hatuujui. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na magome ya miti yametota kama yamemwagiwa maji. Palahala, wale swala wakubwa, tuliwaona watatu pembeni mwa mbuga, dume mweusi tititi, pembe zimepinda nyuma. Kenya nzima, porini wamebaki hapa tu. Mama alinishika mkono, hakusema kitu.

Kwenda maporomoko ya Sheldrick lazima usindikizwe na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya ndovu. Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiko kazi. Tulipumzika mara nne, na askari, kijana mpole, kila mara alimwambia, "Polepole, mama, hatuna haraka." Ukienda na mzee, beba maji ya kutosha na umvalishe viatu vya kufunga. Makubadhi hayafai kabisa. Chini, mama alikinga maji kwa viganja akanawa uso. Nikamweleza kwamba chemchemi ya Marere, ambayo maji yake yamenywewa Mombasa tangu zamani, imo vilima hivi hivi. "Kumbe," akasema, akanawa tena.

Saa tisa na nusu tulikuwa Diani. Maji yamefika mchangani, mwamba wote umefunikwa. Mama aliingia na dera lake hadi kifuani, akakaa humo karibu saa nzima. Sijamwona ametulia hivyo tangu baba afariki.

Kwenye feri usiku alikuwa akihesabu siku kwa vidole. Bamvua nyingine mwezi ukiandama, na mama mdogo naye lazima aje.